Chemshabongo za Algorithimu na Haki ya Kuajiriwa

Mwanaprogramu anayeomba kazi katika kampuni ya teknolojia, iwe ina makao Nairobi au ng'ambo, aghalabu hupitia mtihani usiouliza amewahi kutengeneza nini wala amesomea wapi, bali humtaka afumbue chemshabongo ya algorithimu kwa muda uliopimwa. Algorithimu ni mfululizo wa hatua zilizopangwa bila utata, ambazo kompyuta ikizifuata hufikia jibu. Chemshabongo yake basi ni swali fupi, lililotengwa na shughuli yoyote halisi, ambalo mtahiniwa hutakiwa kulibunia hatua hizo na kuziandika kwa lugha ya kompyuta huku saa ikimkimbiza. Atakayelijibu husonga mbele hadi kuonana na waajiri, na atakayelishindwa hupokea barua pepe ya shukrani, hata kama ametumia miaka minne akiunda mifumo inayofanya kazi.

Suala la iwapo mtihani wa aina hii unafaa limekuwa na uzito wa pekee katika miji inayouzunguka Mlima Kenya. Kati ya 2012 na 2016 ukanda huo ulipata vyuo vikuu kamili kadhaa: Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Dedan Kimathi mjini Nyeri kilitunukiwa hati yake Desemba 2012, Chuo Kikuu cha Karatina kikafuata 2013, nacho Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Murang'a pamoja na kile cha Kirinyaga vikapata hati zao 2016. Vyuo hivyo hufundisha masomo ya kompyuta, lakini waajiri wakubwa wa wanaprogramu wamejikita jijini: Microsoft ilifungua kituo chake cha utayarishaji wa programu Nairobi 2019, na Google ikatangaza Aprili 2022 kwamba ingejenga hapo kituo cha namna hiyo hiyo. Mhitimu wa Murang'a ambaye hana jamaa ndani ya kampuni hizo, wala hakusoma katika vyuo ambavyo waajiri wanavijua kwa majina, hukutana na soko la ajira kupitia mtihani huo, na kwa hivyo kasoro zake na fadhila zake humfikia yeye kabla ya kumfikia mwingine.

Swali lenyewe na manufaa yake

Mfano unaojulikana sana huwa hivi: mtahiniwa hupewa orodha ya nambari, tuseme 4, 11, 7, 2 na 15, kisha huambiwa aonyeshe ni zipi mbili ambazo zikijumlishwa hutoa 9. Kwa nambari tano jicho la mtu linatosha kuona kwamba ni 7 na 2, ila kompyuta huhitaji kuelekezwa, na njia ya kwanza inayomjia mtu akilini ni kuoanisha kila nambari na kila nyingine hadi jibu lipatikane. Njia hiyo ni sahihi lakini ni ya gharama, kwani orodha ya nambari 1,000 ina jozi 499,500 za kujaribiwa, na kila orodha inapoongezeka maradufu kazi huongezeka takribani mara nne. Njia ya pili ni kuipitia orodha mara moja tu huku kila nambari ikiandikwa katika jedwali la kumbukumbu, yaani mpangilio wa data unaoweza kujibu karibu papo hapo kama kitu fulani kimeshapita au la. Programu ikifika kwenye 2 huuliza kama 7 imeshaonekana, jedwali hukubali, na jibu hupatikana baada ya hatua zisizozidi urefu wa orodha. Mtahini hupendezwa na jibu la pili, hasa mtahiniwa akiweza kueleza kwamba kasi hiyo imenunuliwa kwa nafasi zaidi ya kumbukumbu.

Haitakuwa haki kusema kwamba maarifa haya ni mapambo ya darasani. Shirika la KTDA husimamia viwanda vya chai vya wakulima wadogo zaidi ya 600,000, wakiwemo wa Murang'a, Nyeri na Kirinyaga, na mfumo wowote wa kuwalipa wakulima wengi kiasi hicho hauna budi kuhakikisha kwamba hakuna nambari ya mkulima iliyoandikishwa mara mbili. Mwanaprogramu atakayelinganisha kila mkulima na kila mwingine ataibebesha mashine yake ulinganishi unaokaribia bilioni 180, ilhali mwenzake atakayetumia jedwali atamaliza kwa hatua laki sita hivi. Anayetetea chemshabongo basi ana hoja ya kweli, kwamba mtu asiyeona tofauti kati ya njia hizo mbili anaweza kuandika programu itakayokwenda vyema siku ya maonyesho na kukwama siku ya malipo.

Mtihani ulikotoka

Desturi ya kuwapima wanaprogramu kwa mafumbo ni kongwe kuliko kompyuta za mezani. Katika miaka ya 1950, wakati ambapo kazi hiyo ilikuwa mpya na hapakuwa na shahada yoyote iliyomtayarisha mtu kuifanya, kampuni ya IBM ilianzisha 1955 mtihani wa kupima kipaji cha kuandika programu, uliojaa mifuatano ya nambari, maumbo na hesabu za kimantiki. Baadaye Microsoft ilipata sifa ya kuwauliza waombaji mafumbo yasiyohusiana na kompyuta hata kidogo, kama vile sababu ya vifuniko vya mashimo ya barabarani kuwa vya duara, na mwandishi William Poundstone akayaandikia mafumbo hayo kitabu kizima 2003. Mwaka 2013, Laszlo Bock, aliyekuwa mkuu wa masuala ya wafanyakazi katika Google, alitangaza hadharani kwamba kampuni yake imegundua kuwa mafumbo ya aina hiyo ni kupoteza wakati, kwa sababu hayabashiri lolote kuhusu utendaji wa mtu kazini.

Mafumbo hayo ya jumla yalipoondolewa, chemshabongo za algorithimu zilibaki, kwa hoja kwamba angalau zinahusu kompyuta. Pamoja nazo ilistawi biashara ya kuwanoa watahiniwa: kitabu cha Gayle Laakmann McDowell kuhusu mahojiano ya wanaprogramu kilitoka kwa mara ya kwanza 2008 na kimechapishwa upya mara kadhaa, na tovuti ya LeetCode, iliyoanzishwa 2015, imekusanya maelfu ya maswali ambayo watu huyafanyia mazoezi kwa miezi. Mwaka huo huo wa 2015, Max Howell, aliyeunda programu ya Homebrew ambayo wahandisi wengi hutumia kusakinishia programu nyingine kwenye kompyuta zao, alieleza kwamba Google ilimkataa baada ya kushindwa kugeuza mti wa matawi mawili ubaoni. Mti huo ni namna ya kupanga data ambapo kila kipengele huzaa vipengele visivyozidi viwili. Kisa hicho kiliwasha mjadala ambao haujazimika hadi leo, maana kiliviweka pamoja, ndani ya mtu mmoja, ustadi uliothibitishwa na watumiaji wengi na kufeli kulikothibitishwa na ubao.

Utafiti unasema nini

Wataalamu wa saikolojia ya kazi hupima ubora wa njia ya kuajiri kwa kutazama ni kwa kiasi gani alama za mtu siku ya usaili hulingana na utendaji wake baadaye, na ulinganifu huo huuandika kwa kipimo ambacho 0 humaanisha hakuna uhusiano wowote na 1 humaanisha uhusiano kamili. Katika mapitio mashuhuri ya 1998, Frank Schmidt na John Hunter walizipa nafasi za juu kazi za kielelezo, yaani majaribio yanayomtaka mwombaji afanye kipande cha kazi yenyewe, kwa kipimo cha 0.54, zikifuatwa na mitihani ya uwezo wa akili na mahojiano yenye mpangilio, yote mawili kwa 0.51. Mwaka 2022, Paul Sackett na wenzake walizikokotoa upya data za aina hiyo wakaonyesha kwamba vipimo vya awali vilikuwa vimekuzwa kupita kiasi. Katika hesabu yao mpya mahojiano yenye mpangilio yaliongoza kwa 0.42, mitihani ya maarifa ya kazi ikafuata kwa 0.40, kazi za kielelezo zikawa na 0.33, uwezo wa akili ukashuka hadi 0.31, na mahojiano ya kupiga gumzo tu, ambayo kila mwombaji huulizwa lililomjia mwajiri kichwani, yakaambulia 0.19.

Tafiti hizo zilihusu kazi za kila namna na wala hazikuzichunguza chemshabongo za algorithimu peke yake, lakini zinatoa mwanga juu ya jambo moja. Mahojiano yenye mpangilio ni yale ambayo waombaji wote huulizwa maswali yale yale yanayotokana na kazi inayotangazwa, kisha majibu yao husahihishwa kwa mwongozo ulioandikwa kabla ya mwombaji wa kwanza kuingia chumbani. Chemshabongo, inapotolewa kwa mtandao na kusahihishwa na mashine, inatimiza sharti la usawa wa maswali na usahihishaji, lakini sharti la kutokana na kazi yenyewe mara nyingi hailitimizi.

Kuna utafiti mwingine uliozigusa chemshabongo moja kwa moja. Mwaka 2020, Mahnaz Behroozi na wenzake kutoka Chuo Kikuu cha Jimbo cha North Carolina na kampuni ya Microsoft waliwapa washiriki 48 swali la aina hiyo. Baadhi yao walilifanya ubaoni wakieleza mawazo yao mbele ya mtu anayewatazama, na wengine wakaachwa peke yao chumbani. Waliotazamwa walifanya vibaya kiasi kwamba ufaulu wao ulipungua kwa zaidi ya nusu, na wanawake wote waliotazamwa walishindwa ilhali wanawake wote walioachwa peke yao walifaulu. Idadi ya washiriki ilikuwa ndogo na matokeo kuhusu wanawake yanahitaji tahadhari, ila utafiti huo unatosha kuonyesha kwamba mtahini anayedhani anapima ujuzi anaweza kuwa anapima namna mtu anavyohimili macho ya mgeni.

Fadhila isiyosemwa

Wakosoaji wa Marekani wanapoishambulia chemshabongo, mara nyingi husahau hoja ambayo msomaji wa Kenya ataiona mara moja. Katika nchi ambamo vijana wengi huamini kwamba bila kujuana hakuna kuajiriwa, na ambamo tangazo la kazi hudhaniwa kuwa ni la kutimiza sheria tu kwa kuwa nafasi imeshapata mwenyewe, mtihani usiomjua mtu una thamani kubwa. Mashine inayosahihisha haiulizi mwombaji ni mtoto wa nani, wala haitofautishi lafudhi ya Kangema na ya Karen. Kifungu cha 232 cha Katiba ya 2010 hutaka uteuzi katika utumishi wa umma uzingatie ushindani wa haki na ustahili, na hata kampuni binafsi, zisizobanwa na kifungu hicho, hunufaika zikiaminika kwamba mlango wao hufunguliwa kwa uwezo. Kwa mhitimu wa chuo kichanga, njia mbadala ya chemshabongo si lazima iwe mfumo bora zaidi. Huenda ikawa ni kurudi kwenye simu ya mjomba.

Hata hivyo, usawa wa swali haulingani na usawa wa maandalizi. Chemshabongo hurudiarudia mbinu chache, na mwenye nafasi ya kufanya mamia ya maswali huanza kuzitambua kama mtahiniwa wa KCSE anavyotambua swali alilolikuta katika karatasi za miaka iliyopita, pasipo kuwa na hakika kama amelielewa somo au amelizoea swali. Nafasi hiyo hugharimu pesa, kwa kuwa aliyekwisha kuhitimu na anayetengeneza tovuti ndogondogo za biashara mjini ili alipe kodi ya nyumba hana miezi mitatu ya kukaa akifumbua mafumbo. Mtihani wa mtandaoni nao huongeza yake: umeme ukikatika katikati ya dakika 90, au bando likiisha kabla ya kuwasilisha, saa ya mtihani haisimami. Chemshabongo huonekana kutojali mtu ametoka wapi, lakini humpima pia kwa saa za faragha na utulivu alizoweza kujilipia.

Jambo jingine limejitokeza katika miaka ya karibuni na kuutikisa msingi wa mtihani wenyewe. Mwaka 2022 kampuni ya DeepMind ilionyesha kwamba mfumo wake wa akili unde uitwao AlphaCode uliweza kushindana katika mashindano ya kuandika programu kwa kiwango cha mshiriki wa wastani, na tangu hapo mifumo ya aina hiyo imeendelea kuimarika na kupatikana kwa yeyote mwenye simu. Swali fupi, lililokamilika na lenye jibu moja ndilo hasa ambalo mifumo hiyo hulijibu vyema, na hivyo mwajiri anayetuma chemshabongo kwa mtandao hana tena uhakika kama aliyejibu ni mwombaji.

Kipimo kilicho karibu na kazi

Kinachokosekana katika chemshabongo huonekana vizuri zaidi mtu akilirudia lile suala la marudio katika mfumo wa chai. Mkulima hupeleka majani katika kituo cha kununulia, mzani wa kielektroniki hupima, na rekodi yenye nambari ya mkulima, kilo na tarehe hutumwa ofisini. Mtandao ukiwa hafifu, kama ilivyo katika mabonde mengi, kifaa kisichopata jibu hutuma rekodi ile ile tena, na ofisini huonekana mistari miwili inayofanana: mkulima mmoja, siku moja, kilo 14.5. Mwanaprogramu aliyefuzu kwa chemshabongo atatumia jedwali lake na kuufuta mstari wa pili kwa kasi ya kupendeza. Lakini huenda mkulima huyo alileta mizigo miwili yenye uzito sawa, mmoja asubuhi na mwingine alasiri, na kwa kufutiwa mstari mmoja amenyang'anywa jasho lake na algorithimu isiyo na kosa lolote la kihesabu.

Jibu zuri halianzi na msimbo, linaanza na maswali: je, kifaa hurekodi saa au tarehe pekee, je, kila upimaji hupewa nambari yake ya kipekee pale pale mzanini, na je, karani hufanya nini mtandao unapokatika? Mwombaji anayeuliza hayo, kisha akapendekeza kwamba kila upimaji upewe nambari isiyojirudia kabla ya kutumwa ili rekodi iliyotumwa mara mbili itambulike kwa nambari hiyo badala ya uzito wake, ameonyesha jambo ambalo hakuna orodha ya nambari tano itakayolifichua. Hali ni hiyo hiyo kwa malipo ya M-Pesa, ambapo taarifa moja ya muamala inaweza kuufikia mfumo wa mfanyabiashara zaidi ya mara moja, au kwa nambari za simu, ambazo mteja mmoja huziandika kwa kuanza na 07, mwingine na 254, na mwingine na alama ya kujumlisha mbele yake, na zote ni simu moja.

Mwajiri anaweza kuligeuza suala kama hilo la chai kuwa mtihani pasipo kupoteza fadhila ya chemshabongo. Waombaji wote wapewe rekodi zile zile zilizobuniwa na maelezo yale yale ya kurasa mbili, wafanye kazi kwa saa mbili au tatu kwa wakati wanaouchagua ndani ya juma moja, waruhusiwe vitabu na mtandao kama watakavyoruhusiwa kazini, kisha waeleze uamuzi wao kwa nusu saa mbele ya watu wawili wenye mwongozo wa alama ulioandikwa mapema. Mazungumzo hayo humfichua aliyefanyiwa kazi na akili unde au na rafiki, kwa kuwa asiyejua sababu ya uamuzi hawezi kuutetea ukibadilishwa kidogo. Saa hizo zinapaswa kulipiwa, maana mwombaji asiye na ajira hawezi kutoa siku nzima bure kwa kila kampuni inayomtaka ajaribiwe. Ni kweli kwamba njia hii hugharimu zaidi kuliko mashine, na kampuni yenye waombaji elfu mbili haiwezi kuanza nayo. Inayofaa hapo ni swali moja jepesi la kuwachuja wasiojua kuandika msimbo kabisa, kisha kipimo cha kazi kwa waliobaki.

Zipo kazi ambazo chemshabongo huzifaa barabara. Anayeajiriwa kuunda injini ya utafutaji, mfumo wa kuhifadhi data za mamilioni ya watu, au programu ya kupanga njia za magari, hushughulika na algorithimu kila siku, na kumpima kwa algorithimu ni kumpima kwa kazi yake. Kosa liko kwa kampuni inayotaka mtu wa kutunza mfumo wa hesabu za sacco, ikanakili mtihani wa kampuni iliyoko California kwa imani kwamba ugumu wa swali ni ushahidi wa ubora wa aliyelijibu.

Vyuo vya ukanda huu navyo vina sehemu yao. Mkutano na mafunzo ya kwanza ya Data Science Africa yalifanyika katika Chuo Kikuu cha Dedan Kimathi, Nyeri, Juni 2015, kabla ya kuhamia Kampala na Arusha katika miaka iliyofuata, na kituo cha sayansi ya data cha chuo hicho kimejishughulisha na vifaa vya bei nafuu vya kupima kina cha maji mitoni na kunasa sauti za ndege kwa ajili ya uhifadhi. Mwanafunzi aliyewahi kushughulikia kifaa kinachokufa betri mtoni na kutuma vipimo visivyoeleweka amefanya kazi ya mwanaprogramu kwa maana kamili, lakini ujuzi huo humfaa mbele ya mwajiri iwapo tu umeandikwa, msimbo wake umewekwa wazi, na mwanafunzi amefundishwa kuueleza. Chuo kinachoweka rekodi nzuri za miradi ya wanafunzi wake huwapa waajiri kitu cha kuuliza zaidi ya mafumbo, na wakati huo huo hakina sababu ya kuwanyima wanafunzi mazoezi ya algorithimu, madhali milango mingi bado inafunguliwa kwa ufunguo huo.

Kilicho bora katika chemshabongo ni utaratibu wake, yaani swali moja kwa wote na usahihishaji usiomjua mtu, na utaratibu huo haukufungamanishwa na miti ya matawi mawili wala na nambari zinazojumlishwa kuwa 9. Mwajiri wa Nairobi au wa Nyeri anayetaka kuwa wa haki ana sababu ya kuushikilia utaratibu na kulibadilisha swali, na mwombaji naye ana haki ya kuuliza, kabla hajakaa mbele ya kompyuta, swali hilo linahusiana vipi na kazi atakayolipwa kuifanya. Kampuni iliyofikiria mtihani wake italijibu swali hilo kwa sentensi moja.